SAUTI NYINGI, MNARA MMOJA

Maongezi ya asubuhi redioni
Masomo: 1 Wakorintho 14:26–33 na 1 Wafalme 19:9–13

  

Asubuhi ya leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mwenye simu amelipata, ijapokuwa si wengi wanaojua asili yake. Waitazama simu yako, na vijiti vya mtandao vimesimama vyote. Salio unalo. Betri imejaa. Mnara wauona kwa macho yako mwenyewe, na taa nyekundu inawaka juu yake. Lakini ukipiga, haipiti. Au yapita, na sauti ya mwenzako yakatika-katika kama ya mtu anayezama majini. Basi kuna nini?

Wengine husema ni jua la Turkana. Wengine husema ni uchawi. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, wako watu huko Uingereza waliosema kwamba mawimbi ya simu ndiyo yaletayo ugonjwa, wakaenda kuchoma minara kwa moto. Minara ikaungua, na ugonjwa ukaendelea kama kwanza, ila sasa wagonjwa hawakuweza kupiga simu. Ndugu zangu, yatupasa kutafuta kujua kabla ya kuwasha kiberiti.

Mara nyingi jibu ni hili: sauti ya simu yako imefika mnarani, lakini imefika pamoja na sauti nyingine, na mnara haukuweza kuzitenga. Mafundi huita jambo hilo mwingiliano wa mawimbi. Vijiti vile unavyovihesabu vyaonyesha jinsi wewe unavyousikia mnara. Havionyeshi jinsi mnara unavyokusikia wewe. Mnara una nguvu, nao umesimama juu. Simu yako ni ndogo, na sauti yake ikifika mnarani imepungua mno, haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya nguvu iliyotoka nayo. Mnara hutega sikio kuisikia sauti hiyo hafifu. Kelele ikiwa kubwa kuliko sauti hiyo, basi umepotea, hata kama vijiti vyote vimesimama.

Tena, si jambo la mchezo. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan walipofika wakiwa wamechoka na njaa. Leo Kakuma na Kalobeyei zina watu karibu 300,000, waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Mtu wa namna hiyo ndugu zake wako wapi? Mmoja yuko Juba, mmoja Nairobi, mmoja Marekani. Kamba inayowafunga pamoja ni simu. Hata chakula kimepitia humo: mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianza Kakuma mpango wa Bamba Chakula, na sehemu ya posho ikawa inatumwa kwa simu, mtu aende kununua dukani. Na sisi wenyeji tangu mwaka 2007 twatuma na kupokea pesa kwa M-Pesa. Mtoto aliye shuleni Kitale, mgonjwa aliye hospitalini Lodwar, wote wangoja ujumbe. Ujumbe usipofika, kuna mtu analala njaa. Kwa hiyo mwingiliano wa mawimbi ni habari ya jirani yako, na habari ya jirani ni habari ya Injili.

Kwanza tuelewe kidogo mawimbi yenyewe. Simu zote na minara yote husema kwa mawimbi yapitayo hewani, na kila wimbi lina masafa yake. Masafa ya chini yana wimbi refu, na masafa ya juu yana wimbi fupi. Katika megahezi 900, ambazo simu za kwanza za mkononi nchini Kenya zilitumia, wimbi lina urefu wa sentimeta 33 hivi, yaani limezidi kidogo rula ya mwanafunzi. Katika gigahezi 3.5, ambazo mitandao mingi ya kizazi cha tano hutumia duniani, wimbi ni la sentimeta 8 na nusu, urefu wa kidole. Na yako masafa ya juu zaidi, gigahezi 26, ambayo wimbi lake halizidi sana sentimeta moja. Ni kama punje ya hindi.

Wimbi refu ni kama ngamia. Hachukui haraka, lakini huenda mbali, naye hupita penye miiba. Mnara wa kizazi cha pili waweza kusikia simu iliyo mbali hata kilomita 35. Wimbi fupi lina nafasi kubwa, labeba mizigo mingi kwa muda mfupi, picha na sinema na vitabu vizima. Lakini halina subira ya njia. Majani ya mathenge yaliyosongamana kando ya mto Turkwel yalipunguza nguvu. Ukuta wa udongo walichosha. Mabati walirudisha nyuma. Lile fupi kabisa, hata mvua yalizuia, hata kiganja cha mkono wako mwenyewe, nalo haliendi mbali zaidi ya mita mia kadhaa. Kwa sababu hiyo, kadiri watu wapandavyo kwenye masafa ya juu, ndivyo minara inavyozidi kuwa mingi na kukaribiana. Na majirani wakikaribiana, ndipo ugomvi wa sauti uanzapo. Safaricom ilifungua mtandao wa kizazi cha tano kwa wateja Oktoba 2022, na Airtel Julai 2023. Nchi pana kama hii yetu, kutoka Lodwar hadi Kakuma kilomita 120 hivi za mchanga na mawe, itazidi kumhitaji yule ngamia kwa miaka mingi. Lakini mijini mawimbi mafupi yanakuja. Ni vizuri tujifunze mapema namna ya kukaa nayo.

Sasa sikilizeni neno moja ambalo ni moyo wa maongezi ya leo. Mwingiliano mwingi hauletwi na adui. Huletwa na majirani wema, kila mmoja akisema neno lililo la kweli na la haki, ila wote wamesema mahali pamoja, wakati mmoja, kwa nguvu bila kiasi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Korintho. Wale Wakristo hawakukosa karama. Mmoja alikuwa na wimbo, mwingine fundisho, mwingine ufunuo, mwingine lugha. Paulo hakusema kwamba karama hizo ni mbaya. Aliwaambia wapokezane, wawili au watatu, mmoja baada ya mmoja, na mwingine akipata neno, yule wa kwanza anyamaze. Hiyo ni kanuni ya Kanisa, na ukiwauliza mafundi wa minara watakuambia kwamba ndiyo kanuni yao pia. Tuichukue katika mafundisho matatu.

FUNDISHO LA KWANZA: PUNGUZA SAUTI

Fikirini soko la Kakuma siku lenye watu. Huyu asema Kiturkana, yule Kisomali, wale wawili Kinuer, na mwenye duka ajibu kwa Kiswahili. Wote wasema pamoja, wala hawachanganyikiwi, maana sikio la kila mtu lafuata lugha yake na kuyaacha mengine yapite kama upepo. Mtandao wa kizazi cha tatu ulijengwa kwa namna hiyo hiyo. Simu nyingi husema pamoja kwa masafa yale yale, lakini kila moja imepewa lugha yake ya siri, na mnara huzitenga.

Lakini akija mtu mmoja sokoni na kupiga kelele kwa nguvu zake zote, hakuna lugha itakayosikika. Kwa sababu hiyo mnara huiagiza kila simu, "Wewe uko karibu, nong'ona. Wewe uko mbali, ongeza kidogo. Sasa punguza." Na agizo hilo, katika kizazi cha tatu, hutolewa mara 1,500 kwa kila sekunde moja! Ndiyo, umesikia sawasawa. Kabla hujamaliza kutamka jina la mama yako, simu yako imekwisha kuambiwa mara elfu na zaidi iongeze au ipunguze, nayo hutii kila mara. Ni chombo tu, hakina roho, nacho chatii. Mimi na wewe tumeambiwa mara ngapi tupunguze sauti nyumbani mwetu?

Sasa tuje kwa jambo linaloumiza. Kuna kifaa ambacho watu hukiita busta. Mtu ana duka au nyumba ya wageni, mtandao ndani ni dhaifu kwa sababu ya mabati, basi hununua kifaa hicho, huweka antena moja juu ya paa na nyingine ndani, na mara simu zake zapata vijiti vyote. Yeye afurahi. Lakini busta ya namna hiyo haikutiwa chini ya agizo la mnara. Mnara ukisema "punguza", yenyewe haisikii. Hukuza sauti ya simu, hukuza na kelele, huvielekeza vyote mnarani mchana na usiku, hata kama hakuna mtu anayepiga simu dukani. Tena antena zake mbili zikikaribiana mno, ya ndani husikiwa na ya nje, ya nje huipa ya ndani, na chombo hupiga yowe. Nanyi mnalijua yowe hilo: ni kama kipaza sauti kanisani, mhubiri anapokisogeza karibu na spika, nacho kikalia hata watoto wakaziba masikio. Tofauti ni kwamba yowe la busta hulisikii kwa masikio. Mnara ndio husikia, nao hupatwa na uziwi.

Ni nani aumiaye? Mwenye busta haumii. Aumiaye ni mama aliye mbali na mnara, ambaye simu yake ni ya zamani na sauti yake hafifu. Yeye ndiye wa kwanza kuzimika. Tuseme uchungu wa uzazi umemkamata usiku, na mumewe apiga simu kuita gari, wala haipiti. Mumewe hatajua kamwe kwamba kilichomzuia ni kifaa kilichofungwa juu ya paa la mtu mwema aliyetaka tu wateja wake wapate mtandao.

Sheria ya Kenya ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 yakataza mtu kutumia chombo cha kurusha mawimbi bila kibali, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Mkristo hangoji polisi. Kama una kifaa cha namna hiyo ambacho hakikuwekwa na kampuni ya simu wala hakina kibali, kizime leo. Ukiona mtandao ni dhaifu, peleka malalamiko kwa kampuni, wao wana njia zilizo halali za kuleta mawimbi ndani ya nyumba. Yawezekana utapungukiwa na vijiti viwili. Lakini kuna mtu usiyemjua atakayesikiwa.

Tena tusiwaonyeshe kidole wenye maduka peke yao. Makanisa yetu je? Jumapili asubuhi, kanisa hili lina spika nne zimeelekezwa barabarani, na lile la ng'ambo, walipoona hivyo, wakanunua sita. Huku wahubiri neema, kule wahubiri neema, na mgonjwa aliye katikati hasikii neema yoyote, ila kelele. Kanuni za serikali juu ya kelele zilitolewa mwaka 2009. Lakini Paulo alikwisha kutuandikia kanuni yetu zamani sana. Hakuna mahali aliposema kwamba Roho Mtakatifu hukaa penye spika kubwa.

FUNDISHO LA PILI: POKEZANENI

Wazee watakumbuka siku kabla ya simu za mkononi. Huduma ya madaktari warukao kwa ndege ilianzishwa mwaka 1957, nayo ndiyo tunayoiita AMREF. Na hospitali za misheni zilizokuwa mbali ziliwasiliana na Nairobi kwa redio ya upepo. Masafa yalikuwa machache na vituo vilikuwa vingi. Basi kulikuwa na saa maalumu. Kituo kiliitwa kwa jina, kikajibu, kikatoa haja yake kwa maneno machache, kikasema "ova", kisha kikanyamaza ili mwingine aitwe. Mtu akivunja zamu, wote walipotea. Watu waliokolewa na dawa, na waliokolewa pia na adabu ile ya kunyamaza.

Simu za mkononi zimeendeleza adabu hiyo. Katika kizazi cha pili, watu 8 hupokezana katika masafa yale yale. Kila mmoja hupewa nafasi fupi isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, kisha humpisha mwenzake, tena zamu humrudia. Kwa kuwa mambo haya ni ya haraka mno, kila mmoja hudhani kwamba mnara ni wake peke yake. Watu 8 wamekunywa katika kisima kimoja, wala hakuna aliyemsukuma mwingine!

Sisi wa Turkana, jambo hili halitupi shida kulielewa. Wakati wa kiangazi, mto Tarach unapokauka, watu huchimba visima mchangani. Kisima kina mwenyewe, na mifugo hunywa kwa zamu. Mtu hachimbi ubavuni mwa kisima cha jirani, maana akikaribia mno, maji ya wote wawili yatashuka. Masafa ya simu ni kama maji hayo ya mchangani. Hayaonekani, hayana ua, nayo yana mwisho. Kwa hiyo minara iliyo jirani hupangiwa isikanyagane, na nchi zinazopakana hupatana juu ya minara ya mpakani, kwa maana wimbi halisimami pale Lokichoggio kuonyesha kitambulisho.

Katika mitandao mingi ya kizazi cha tano zamu imezidi kuwa kali. Mnara na simu hutumia masafa mamoja, mara mnara unasema na simu zasikiliza, mara simu zasema na mnara unasikiliza. Minara yote ya eneo hilo haina budi kunena pamoja na kunyamaza pamoja. Saa zao hazina budi kupatana hata zisitofautiane zaidi ya sehemu tatu za milioni za sekunde, nazo huchukua majira kutoka setilaiti zilizo juu angani. Mnara mmoja ukipotewa na majira, utakuwa unapiga kelele wakati wenzake wanasikiliza. Haukusema neno baya. Ulisema neno jema kwa saa isiyo yake.

Na kati ya kunena na kusikiliza huwekwa kimya kidogo, ili mwangwi wa sauti za mbali upite kwanza. Kimya kile hakichukui ujumbe wa mtu yeyote, wala hakuna akilipiaye. Lakini tabaka za hewa ya joto na ya baridi zikipandana angani, huweza kuwa kama bomba, zikalichukua wimbi mamia ya kilomita, na sauti ya mnara wa mbali ikafika imechelewa. Kimya kikiwa kifupi mno, sauti hiyo huwakuta wengine wanasikiliza, nayo huwaharibia. Kwa hiyo mafundi hawakihesabu kimya kuwa hasara.

Ndugu msikilizaji, nyumbani kwako kuna kimya cha namna hiyo? Mke aanza kusema, na mume amekwisha kujibu. Mtoto ajaribu kueleza kwa nini amefukuzwa shule, na fimbo imekwisha kushuka. Katika mikutano ya amani kati ya wenyeji na wakimbizi, juu ya kuni, juu ya maji, kila upande waja na neno la haki, na haki hizo mbili zikisemwa kwa pamoja zageuka kuwa mawe. Mwache mwenzako amalize. Hesabu moja, mbili, tatu. Ndipo ujibu.

FUNDISHO LA TATU: LINDA SAUTI NDOGO

Jambo la mwisho ndilo linalonigusa kuliko yote, maana lahusu mvua.

Mvuke wa maji ulio angani, ambao ndio mama wa mvua, una sauti yake. Ni mnong'ono wa asili, hafifu kabisa, nao husikiwa vizuri katika masafa ya karibu na gigahezi 23.8. Setilaiti za hali ya hewa hupita juu yetu zikiusikiliza, na kwa mnong'ono huo wataalamu hujua kuna unyevu kiasi gani, wakatabiri mvua au ukame. Kwa ajili hiyo sheria za mawasiliano za mataifa zimeweka eneo la kimya, kutoka gigahezi 23.6 hadi 24. Hapo hakuna kampuni, wala jeshi, wala mtu awaye yote aruhusiwaye kurusha sauti. Dunia yote imekubali kunyamaza ili mvuke usikike!

Lakini juu kidogo tu, kuanzia gigahezi 24.25, ni nchi njema kwa mitandao ya simu ya kizazi cha tano. Na mnara hata ukikaa katika mpaka wake, sauti yake humwagika kidogo kwa jirani, kama vile muziki wa harusi usivyozuiwa na ua. Kidogo hicho, kwa simu nyingine si kitu. Kwa mnong'ono wa mvuke, ni ngurumo. Basi mwaka 2019 mataifa yalikutana Sharm el-Sheikh, Misri, na jambo hilo likashindaniwa sana. Wenye simu walitaka uhuru, na wataalamu wa hali ya hewa waliomba ulinzi. Mwishowe walipatana juu ya kiasi cha sauti kinachoweza kumwagika, na kwamba minara itakayoanza kazi baada ya Septemba 1, 2027 itabanwa zaidi.

Tuliokaa Turkana twajua thamani ya neno hilo. Tangu mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika nchi zetu hizi, na mifugo ikafa mpaka mzee aliyekuwa na zizi akabaki na fimbo. Habari ya ukame inayokuja mapema humwezesha mtu kuuza mbuzi wangali na nyama. Habari hiyo huanzia mbali, na sehemu yake ni mnong'ono ule.

Tazameni sasa tofauti. Simu ikisumbuliwa, yaweza kuongeza nguvu au kuhamia masafa mengine. Mvuke hauwezi. Hauna kitufe. Haukuchagua masafa yake. Hivyo ndivyo ulivyoumbwa. Ukifunikwa na kelele pale, hauwezi kuhama. Kwa hiyo hakuna njia ya kuusaidia ila moja tu: wenye nguvu wapunguze.

Ndipo nikumbukapo Eliya pale Horebu. Ulipita upepo wa kuvunja miamba, likaja tetemeko, ukaja moto, na nabii hakumkuta Bwana katika hayo. Baada ya yote ilikuja sauti ndogo ya utulivu, na Eliya aliposikia alifunika uso wake. Mungu aliye na ngurumo zote mkononi alichagua masafa ya mnong'ono. Yeyote atakaye kumsikia hana budi kuzima kelele yake kwanza.

Na wako watu wasioweza kubadili masafa yao, kama mvuke. Mtoto yatima aliyeletwa Kakuma bila wazazi, asiyejua bado Kiswahili wala Kiingereza. Bibi kizee wa Kalokol ambaye hana simu wala mtu wa kumwandikia. Msichana ambaye mahari yake imekwisha kujadiliwa na wazee, naye bado hajaulizwa. Ukiwaambia, "Semeni kwa nguvu basi," hawawezi. Hawana kitufe. Watasikika siku ile tu ambayo sisi tulio na vipaza sauti, wachungaji na machifu na wenye mali, tutakaponyamaza kwa makusudi na kutega sikio.

Kwa hiyo juma hili nawaombeni mambo matatu. Mwenye busta isiyo halali, aizime. Kanisa lenye spika barabarani, lizigeuzie ndani, na wazee wa kanisa waende wakamwulize jirani kama anapata usingizi. Na kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja mwenye sauti ndogo, aketi naye mpaka amalize neno lake lote.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe wasikia kabla hatujaita, wala mtandao wako haujai kamwe. Twakuomba uwakumbuke wote wangojao ujumbe leo, Kakuma na Lodwar na popote walipo. Uwabariki wale wapandao minara juani na usiku ili tuweze kuitana. Utufundishe kupunguza, utufundishe kupokezana, na utupe masikio ya kusikia wale wasioweza kupaza sauti. Utuletee mvua kwa wakati wake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji, na Bwana awalinde mpaka tutakapokutana tena.